UZI MAALUM: SpongeBob Battle for Bikini Bottom kwenye simu, gemu niliyoiacha Keko bila kuimaliza nimekuja kuimaliza na binti yangu

#1 Mtoto wa Keko

Wakuu habari za jioni. Huu uzi nimeuahirisha sana, leo mvua imetufungia ndani nikasema acha niandike tu liwalo na liwe, ila ni mrefu naombeni uvumilivu.

Naongelea gemu ya SpongeBob ya kwenye simu, ile Battle for Bikini Bottom Rehydrated. Katuni mnaijua wengi, sponji wa njano anaishi ndani ya nanasi chini ya bahari, mpishi kwenye mgahawa wa Mr. Krabs, rafiki yake Patrick ni kiti cha pweza, yule kiumbe wa bahari mwenye umbo la nyota, na Sandy ni kindi anayetembea baharini na kofia ya hewa. Gemu yenyewe ya asili ilitoka 2003, waliitengeneza Heavy Iron Studios, na mimi iliyonikuta ni ile ya PS2.

Keko, mtaani kwetu hapa Dar, kipindi kile kulikuwa na kibanda cha gemu, TV za chogo, feni moja, mia mbili nusu saa. Watu wote pale walikuwa wanakuja kwa ajili ya mpira, Winning Eleven asubuhi mpaka jioni. Mwenye kibanda alikuwa na diski ya SpongeBob imekaa haina mtu, nikawa naiomba mimi. Sasa shida ilikuwa memori kadi. Ilikuwepo moja tu imejaa sevu za mpira za wakubwa, na hakuna kufuta hata moja. Maana yake kila nikienda naanza mwanzo kabisa. Naamka ndani ya nanasi, natoka nje, maroboti yametapakaa mtaani, naingia Jellyfish Fields, napanda panda kule juu, na kabla sijafika kwa King Jellyfish, yule yavuyavu mkubwa wa kileleni, naguswa bega, dogo muda umeisha. Hivyo hivyo kwa zaidi ya mwaka. Nusu saa ya kwanza ya ile gemu mi nilikuwa naijua mpaka roboti yupi amekaa nyuma ya jiwe lipi, ila cha baada ya hapo sikuwahi kukiona.

Afu maisha yakaendelea, kibanda kikavunjwa pakajengwa fremu za maduka, nikasahau.

Mwaka jana nashangaa shangaa kwenye simu nakutana nayo. Kumbe 2020 mwezi wa sita jamaa wa Vienna wanaitwa Purple Lamp waliitengeneza upya yote, na Januari 2021 HandyGames wa Ujerumani wakaileta kwenye Android na iPhone. Bei niliyoikuta mimi ilikuwa kama dola 10, kwa hela yetu kama elfu 25 hivi inategemea dola imeamkaje. Unalipa mara moja basi, hakuna matangazo wala kununua almasi ndani ya gemu. Nilikaa na ile bei wiki mbili jamani, elfu 25 nyumbani kwangu ni unga na mafuta ya kupikia na chenji inabaki. Mwisho nikalipa kwa kadi ya mtandaoni inayotoka kwenye akaunti ya simu, nikapakua usiku kwa bando la usiku.

Binti yangu ana miaka tisa. Nikamwita tukakaa kwenye mkeka nikamwonyesha pale mwanzo, nikawa namwambia sasa hapa roboti anatokea kushoto, anatokea kweli, ananiangalia baba umejuaje. Tukapanda Jellyfish Fields tukafika kileleni. Kwenye hadithi Squidward, jirani yake SpongeBob, ameumwa na yavuyavu mwili mzima, sasa dawa yake ni jeli ya King Jellyfish mwenyewe, ndo unaenda kupigana naye. Nikamkabidhi simu nikamwambia pigana wewe. Akafa mara nne, mara ya tano akashinda, SpongeBob akachukua jeli. Na hakuna aliyenigusa bega. Nilinyamaza kidogo pale, mama yake akauliza kulikoni nikasema hamna kitu.

Kwa asiyeijua niwape kidogo mpangilio wake. Plankton, adui wa Mr. Krabs, ametengeneza mashine ya kufyatua maroboti akasahau kuweka swichi upande wa kutii, yakamgeuka yakamtupa nje ya nyumba yake mwenyewe. Usiku huo huo SpongeBob na Patrick walikuwa wanacheza midoli ya roboti wakatamani ingekuwa ya kweli, asubuhi wakiona fujo wanajua ni wao wamesababisha. Kazi yako ni kukusanya miko ya dhahabu, iko 100 jumla, na sehemu zinafunguka kutokana na miko uliyonayo. Pango la mwisho la Plankton linataka miko 75. Soksi za Patrick zilizopotea ziko 80, ukimpelekea kumi anakupa mwiko mmoja. Mr. Krabs naye anakuuzia minane kwa vile vitu vya kung'aa unavyookota njiani, na kila ukirudi bei imepanda, ndo Mr. Krabs yule yule wa kwenye katuni. Uhai wako unahesabiwa kwa chupi, binti yangu hapo alicheka mpaka akapaliwa.

Tumechukua miezi mitatu, Jumamosi na Jumapili tu saa moja moja. Miko tunayo 98. Njooni tuzungumze, nani ameicheza, nani amekwama wapi.

#2 fundi wa Aggrey

Mkuu uzi mzuri. Mi natengeneza simu Kariakoo acha niongezee upande wangu maana watu wataenda kununua afu waje kulalamika.

Hii gemu sio ya simu ndogo. Imejengwa na Unreal Engine 4, ile injini ya gemu za kompyuta na PS4, kwahiyo simu yako ikiwa ya RAM GB 2 usijaribu utaishia kuona inafunguka inajifunga. Kuanzia RAM 4 na prosesa yenye nguvu kidogo ndo utafurahi. Nafasi acha GB kadhaa wazi, simu iliyojaa mpaka mdomoni inasuasua hata ukiwa na RAM.

Joto. Dar mwezi wa pili simu ikiwa mezani tu ina joto, ukiweka gemu kama hii inachemka, na ikichemka prosesa inajipunguza spidi yenyewe ili isiungue, ndo hapo unaona SpongeBob anatembea kama yuko kwenye uji. Wengi wananiletea wanasema simu imekufa, haijafa, toa kava, kaa karibu na feni, na usicheze huku unachaji. Kuchaji kunaleta joto lake, gemu linaleta lake, betri ndo inaumia inavimba. Mwangaza wa skrini shusha nusu.

La mwisho na ni la muhimu, achaneni na zile APK za bure, yale mafaili ya gemu yasiyotoka kwenye duka rasmi, mnazotumiana WhatsApp. Kila wiki napokea simu imejaa vidudu, inatuma meseji yenyewe usiku, mtu ukimuuliza anasema aliweka gemu ya mtoto. Nunua au acha.

#3 Mama Wawili Kimara

Asante kwa uzi baba. Naomba niulize kama mzazi. Mwanangu wa kiume ana miaka saba anapenda sana katuni na kila gemu ya katuni niliyomwekea ni ya bure, ya kukimbia kimbia. Kila akifa linakuja tangazo, afu matangazo yenyewe siku hizi ni kubeti. Mtoto wa darasa la pili ananiuliza mama mkeka ni nini, ule wa kubeti sio wa kukalia. Niliumia. Nikazima data akiwa anacheza, nyingine zinakataa kufunguka bila data.

Sasa hii ikishapakuliwa inacheza bila intaneti? Na kuna kuua watu au damu?

#4 Mtoto wa Keko

Dada Mama Wawili, mi kwangu imecheza bila data kabisa, binti anacheza simu ikiwa haina hata senti ya bando. Damu hamna. Unapiga maroboti kwa mapovu ya sabuni, yanapasuka vipande vipande unaokota vya kung'aa. Sehemu inayoweza kumtisha mtoto mdogo labda Rock Bottom maana kule ni giza, na makaburi ya Flying Dutchman, ila ni utisho wa katuni. Kwa miaka saba itabidi ukae naye mwanzoni, kuruka kwake sio kwa kitoto.

Hilo la mkeka limenigusa. Mi ndo sababu kubwa ya kuleta huu uzi. Kibandani nilikuwa nakatwa na muda, watoto wetu wanakatwa na matangazo, na wote hatukuachwa tucheze kitu mpaka mwisho wake. Mtoto anayekatishwa kila dakika mbili atajifunza lini kukaa na jambo gumu mpaka liishe?

#5 Kibanda Tandika

Naomba nipingane kidogo kwa heshima mkuu.

Elfu 25 kwa mzazi wa Tandika, Mbagala, Vingunguti sio hela ya gemu. Afu simu ya RAM 4 yenyewe, na hiyo simu mzazi anaenda nayo kazini. Kwahiyo unachoelezea ni kizuri ila ni cha nyumba chache. Mimi nina kibanda cha gemu, PS4 tatu na PS2 moja bado inapiga mzigo, mtoto anakuja na mia tatu yake anacheza, na hachezi peke yake, wako kumi nyuma yake wanamwambia ruka, usiruke, pita kushoto. Hicho kitu kwenye simu hakipo. Mtoto kainamisha shingo peke yake kwenye kiti, si uzima.

Na kuhusu sevu, samahani kwa yaliyokupata Keko. Kwangu kila mtoto anayekuja kucheza gemu ya hadithi ana sevu yake, naandika jina kwenye daftari na namba ya sevu. Nilianza baada ya dogo mmoja kulia nimemfutia kwa bahati mbaya. Vibanda sio vyote vya mpira tu.

#6 mrukaji wa Sinza

Mi nafundisha vijana kutengeneza gemu jioni, acha niongelee kitu ambacho watu hawakioni, kuruka kwenyewe. Maana gemu za aina hii, za kuruka kutoka jukwaa hadi jukwaa, zinabebwa na ile ruka yake. Ikiwa mbaya hakuna katuni itakayoiokoa.

Tangu Super Mario Bros ya 1985 kuna siri moja, ukibonyeza kidogo anaruka kidogo, ukishikilia anaruka juu zaidi. Inaonekana kawaida, lakini binadamu wa kweli akisharuka hawezi kubadilisha mawazo akiwa hewani. Gemu inakudanganya ili ujisikie uko mwilini mwake. Na wengi wanafanya mvutano wa kushuka uwe mkali kuliko wa kupanda, ndo maana mhusika hajisikii kama puto.

Uongo mwingine mtamu ni ule wa ukingoni. Umeshapita ukingo wa jukwaa, mguu uko hewani tayari, gemu inakuvumilia sehemu ndogo sana ya sekunde bado unaweza kuruka. Watengenezaji wameupa jina la Wile E. Coyote, yule wa katuni anayekimbia mpaka nje ya jabali na haanguki mpaka aangalie chini. Kitu kimetoka kwenye katuni kikaingia kwenye gemu, mi hiyo huwa inanifurahisha kila nikiwafundisha vijana.

Sasa tatizo la simu. Pedi ina vitufe, kidole gumba kinajua kiko wapi bila kuangalia. Kioo ni kioo, hakina ukingo, kidole kinateleza taratibu mpaka unabonyeza pembeni ya kitufe unasema gemu mbovu. Na gemu ya pande tatu kama hii ina kazi tatu, kutembea, kugeuza kamera na kuruka, vidole gumba ni viwili. Kwahiyo mnaokufa sana jaribuni hivi. Geuzeni kamera kabla ya kuruka, sio mkiwa hewani. Angalieni kivuli chake chini, kivuli ndo kinakuambia utatua wapi. Vidole vikitoka jasho, na Dar lazima vitoke, pakeni poda kidogo. Na ukipata pedi ya blututhi unganisha, utaona kama umenunua gemu nyingine.

#7 Binti Upanga

Wenye iPhone msisahau SpongeBob Patty Pursuit, ilitoka 2020 kwenye Apple Arcade, imetengenezwa na Old Skull Games wa Ufaransa. Ile ni ya pembeni, anakimbia mwenyewe, wewe kazi yako ni kuruka na kupiga kwa wakati wake. Hapo lile tatizo la vidole viwili kazi tatu alilosema mrukaji linaisha, dole gumba moja linatosha, mi naicheza nimesimama kwenye daladala mkono mmoja umeshika bomba.

Ila Arcade ni kulipia kila mwezi, ukiacha kulipa gemu linafungwa hata kama uliishia bosi wa mwisho. Kwa roho yangu napenda zaidi ya Mtoto wa Keko ya kununua ikawa yako. Grafiksi za Patty Pursuit nzuri sana lakini, rangi zile zile za kwenye katuni.

#8 mwalimu wa jioni

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo.

Mmenikumbusha kitu. Aliyeibuni katuni ya SpongeBob, Stephen Hillenburg, alikuwa mwalimu wa viumbe vya baharini kule California kabla ya kuwa mchoraji. Alikuwa anafundisha watoto kuhusu viumbe wa kwenye mawe ya pwani, akawa anawachorea. Katuni ilianza kurushwa tarehe 1 Mei 1999 na yeye alifariki Novemba 2018 kwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Ndo maana ukiangalia vizuri wahusika wote ni viumbe vya kweli, yavuyavu, kiti cha pweza, kaa, na huyo Plankton ni kiumbe mdogo sana ambaye kwa macho matupu humwoni vizuri.

Mi huwa natumia hii darasani. Watoto wa Dar wanajua SpongeBob ila hawajui sponji ni mnyama. Nawaambia sponji ni mnyama anayekaa sehemu moja anachuja maji ya bahari anakula vilivyomo, na hapo Unguja tu, Jambiani, akina mama wanalima sponji baharini wanazifunga kwenye kamba zinakua, wanauza za kuogea. Siku nikiwaambia hivyo darasa zima linanyamaza. Anayeishi kwenye nanasi ana ndugu zake Jambiani.

Ninachotamani sasa. Tunao Ubongo Kids, katuni imezaliwa hapa hapa Dar, imeanza 2014 kwenye TBC1, Kiswahili safi, hesabu na sayansi, na walikuwa wanawafanya watoto wajibu maswali kwa meseji za simu ya kitochi. Wale wahusika, Kiduchu, Koba, Amani, Baraka, Kibena, watoto wanawajua kama majirani. Natamani kuona gemu ya kuruka ya kwao, mtoto anaruka kutoka paa la daladala mpaka mgongo wa bodaboda mpaka juu ya mnazi, na maelekezo yote ni Kiswahili. Kwenye hii ya SpongeBob mtoto wangu ananiuliza kila sentensi imesema nini.

#9 mrukaji wa Sinza

Mwalimu umenipa kazi ya darasa la wiki ijayo. Sio wahusika wao maana wana mwenyewe, ila jiji. Kijana mmoja aruke kutoka Kivukoni, apande pantoni, ashukie Kigamboni. Vijana wangu siku zote wananichorea milima yenye theluji kwa sababu ndo gemu walizoziona, hawajawahi kufikiri kwamba paa la bati la Manzese ni jukwaa.

#10 Dogo Temeke

Wakuu mi nimekwama Sand Mountain. Kule SpongeBob anakoteleza juu ya ulimi wake, unatakiwa uvunje muda wa wahusika watatu, wa Mrs. Puff nimeshinda, wa Bubble Buddy nimeshinda kwa mbinde, wa Larry nimejaribu zaidi ya mara thelathini naachwa sekunde chache tu. Nataka kuivunja simu. Afu kuna yale maroboti yanayolala, ukipita kawaida yanaamka yanakuchapa radi, kwenye simu nashindwa kunyata.

#11 Mtoto wa Keko

Dogo Temeke usivunje simu. Wa Larry sisi alishinda binti mimi nilishindwa kabisa. Yeye anasema kwenye kona hafuati njia, anaruka kukata kona, sehemu yoyote ambayo njia inazunguka ye anaruka katikati na kutua upande wa pili, afu hagusi kuta maana kila ukigusa ukuta spidi inakatika. Ukianguka mwanzoni usimalizie, anza upya, utachoka bure.

Ya kunyata, kile kiduara cha kutembelea kisukume kidogo sana, kama unasukuma kipande cha yai, sio mpaka mwisho. Anatembea kwa vidole. Ukiinua kidole na kuweka tena ndo anashtuka anakimbia, kwahiyo weka kidole na usikitoe mpaka umepita.

Na wote ambao hawajui, ukienda kwenye menyu utaona miko yote ya kila sehemu imepangwa, unaweza kubonyeza uliyokwisha kuipata ikakurudisha pale pale, huna haja ya kutembea ramani nzima. Na inakuonyesha soksi ngapi zimebaki wapi. Sisi tulikaa mwezi mzima tunazunguka kwa miguu hatujui.

Tumieni Sandy kwenye mapengo marefu, ana ile kamba yake anaizungusha kama feni anaelea. Watu wanang'ang'ania SpongeBob kwa sababu ndo jina la katuni.

#12 fundi wa Aggrey

Hivi kuna mtu amegundua sauti ya Mr. Krabs sio ile ya kwenye TV? Mi nilidhani spika yangu.

#13 Binti Upanga

Sio spika. Wa kwenye katuni ni Clancy Brown, kwenye gemu ya 2003 hakuwepo akawekwa Joe Whyte, na walipoitengeneza upya walibakiza sauti zile zile za zamani. Ila SpongeBob ni Tom Kenny mwenyewe.

#14 Mama Wawili Kimara

Nimenunua jana. Nilichofanya nimegawana bei na dada yangu, tumeweka akaunti moja ya familia, watoto wake na wangu. Mdogo amekwama kwenye jukwaa la kwanza kabisa ila hajalia, anajaribu tu. Nilikaa naye mpaka nikasahau wali jikoni. Baba Keko naomba kuuliza, wewe ulipofika ndani kabisa, kule mbele, ni kipi kilikufurahisha zaidi? Nijue kama inaendelea kuwa nzuri au ni mwanzo tu.

#15 Mtoto wa Keko

Dada inaendelea. Kuna sehemu mbele sana unaingia kwenye ndoto ya SpongeBob, na mle ndani kuna milango ya ndoto za wenzake. Ya Sandy ni kwao Texas, ya Squidward ni muziki mtupu na ile filimbi yake, ya Mr. Krabs ni hela. Unaingia ya Patrick ukiwa umejiandaa kwa vita, unakuta hamna kitu. Kajukwaa kadogo na Patrick amesimama. Hakuna roboti wala shimo. Anakupa mwiko wako unaondoka.

Binti yangu alisimama pale akakataa kutoka. Akasema baba tukae kidogo huku kumetulia. Tukakaa kweli, simu imewekwa juu ya mkeka, Patrick anatikisika tikisika, nje muuza maji anapita anagonga dumu. Mtu aliyewaza kuweka ile sehemu katikati ya gemu lenye kelele vile, anawajua watoto. Nikakumbuka nilivyokuwa nahesabu dakika Keko, ningefika pale siku zile ningepita mbio nisione chochote.

Kibanda Tandika, nimekuwa nikiwaza ulichosema. Uko sahihi kuhusu bei na kuhusu mtoto kuinama peke yake, na mimi nisingekuwa nimekaa pembeni yake naona ingekuwa kitu kingine. Lile daftari lako la sevu ndo limenikaa kichwani. Ningekuwa na mtu kama wewe Keko ningeimaliza nikiwa na miaka kumi.

#16 Kibanda Tandika

Nashukuru mkuu, yameisha.

Nimeenda kuulizia, diski ya Rehydrated ya PS4 ipo kwa jamaa anayeuza za mtumba, nimemwachia advansi naichukua Ijumaa. Nimesoma kwamba hii ya PS4 ina sehemu ya watu wawili skrini imegawanywa, mnapambana na maroboti kwa mawimbi mpaka mnafika kwa Squidward wa roboti, ambaye 2003 walimkata wakashindwa kumwingiza. Hapo ndo nataka niwaweke madogo, wawili wawili, wengine nyuma wanapiga kelele.

Afu nimeongeza mstari kwenye daftari. SpongeBob, na chini yake nafasi za majina.

#17 Dogo Temeke

NIMEMSHINDA LARRY. Kukata kona kumefanya kazi, sekunde moja tu imebaki. Mwambie binti asante sana.

#18 Mtoto wa Keko

Nimemsomea amefurahi, anasema sasa nenda Kelp Forest ukamshinde Mermaid Man ni ile ile.

Sisi usiku wa kuamkia leo tumeipata soksi ya 80. Tumempelekea Patrick zote, mwiko wa 99, na ule wa mwisho ukaja wenyewe. Wahusika wote wakatokea wakaimba wimbo wa katuni, binti akaimba nao amesimama juu ya kochi mpaka mama yake akatoka chumbani.

Kibanda Tandika, Jumamosi hii diski ikiwepo nakuja naye saa nne asubuhi, nielekeze tukishuka sokoni tunapita wapi. Weka pedi mbili. Na pale kwenye daftari nafasi ya kwanza muandike yeye, mimi niandike ya pili.